Ndugu Yupi? Kusoma Maneno ya Ujamaa katika Hati za Kale za Pwani

Mtu anayetafuta nasaba ya familia yake katika pwani ya Afrika Mashariki hukutana mapema na neno linaloonekana jepesi kuliko yote, nalo ni ndugu. Hulikuta katika hati za mirathi za makadhi, katika barua zilizohifadhiwa ndani ya kasha la bibi, katika madaftari ya misheni na katika simulizi za wazee, na kwa kuwa yeye mwenyewe analitumia kila siku, hulihamishia kwenye mti wa ukoo bila ya kulihoji. Hapo ndipo nasaba nyingi zinapoharibika. Jina lililosomwa vibaya hugundulika, kwa sababu halilingani na jina la hati nyingine. Lakini neno la ujamaa lililoeleweka vibaya hukaa kimya kwenye karatasi, na kila kizazi kinachoongezwa juu yake hurithi kosa hilo.

Maneno ya ujamaa ya Kiswahili hayakuundwa ili kueleza hatua kwa hatua nani kamzaa nani. Yanaeleza mtu amesimama wapi mbele ya mwenzake: ni wa kuumeni, yaani upande wa baba, au wa kukeni, yaani upande wa mama, ni mkubwa au mdogo, ni halali kuoana naye au ni maharimu, anarithi au harithi, anastahiwa au anataniwa. Uzazi umo ndani ya maelezo hayo, ila haukuwa ndio swali la kwanza la mwandishi wa hati. Mtafiti anayelichukua neno kama jibu la swali ambalo mwandishi hakuulizwa hana budi kupotea.

Tuchukue mfano wa kubuni, uliofuata sura ya hati za mirathi za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20. Juma bin Salim amefariki bila ya mtoto wala mzazi aliye hai. Ameacha shamba lenye mikarafuu 120. Hati inawataja mkewe, nduguye Hamisi bin Salim, na nduguye Asha binti Ali. Hamisi hatupi shida kubwa, kwani yeye na marehemu wanatajwa kwa baba mwenye jina moja. Shida ni Asha. Baba yake ni Ali, si Salim, na hata hivyo ameitwa nduguye kwa neno lile lile. Huenda alizaliwa na mama mmoja na Juma kwa mume mwingine. Huenda mama zao walikuwa ndugu, kwa hiyo kwa desturi ya Waswahili watoto wao ni ndugu. Huenda walinyonya ziwa moja, jambo ambalo kwa madhehebu ya Shafi huthibiti kwa kunyonya mara 5 kabla mtoto hajatimiza miaka 2, na ambalo huharamisha ndoa lakini halileti urithi. Huenda pia walilelewa nyumba moja tu.

Neno lenyewe halitatuambia. Mgawanyo wa mikarafuu utatuambia. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, mke wa mtu asiyeacha mtoto hupata robo, yaani mikarafuu 30. Ndugu wa mama mmoja, akiwa peke yake, hupata sudusi, sehemu moja ya sita, yaani mikarafuu 20, na fungu hilo ni lile lile awe mwanamume au mwanamke. Inayobaki, mikarafuu 70, huchukuliwa na Hamisi. Basi hati ikionyesha 30, 20 na 70, Asha ni ndugu wa mama mmoja na marehemu, hata kama neno hilo halikuandikwa mahali popote. Ikionyesha 30 kwa mke na 90 kwa Hamisi, Asha ametajwa kwa heshima au kwa ushahidi tu, na undugu wao ni wa namna nyingine. Kuna uwezekano wa tatu ambao huwakwaza wengi: Asha anaweza kupata mikarafuu 20 kwa njia ya wasia, kwa kuwa mtu anaruhusiwa kuusia hadi thuluthi ya mali yake kwa asiye mrithi. Lakini wasia hutolewa kwanza, kabla ya mafungu. Ikitolewa mikarafuu 20 hubaki 100, na robo ya mke huwa 25, Hamisi akapata 75. Tofauti ya mikarafuu 5 katika fungu la mjane ndiyo inayoamua kama Asha alizaliwa na mama mmoja na Juma au la.

Hesabu hiyo hiyo humhoji hata Hamisi tuliyemdhania kuwa rahisi. Kama hati ingemtaja pia Rashidi bin Salim, ndugu mwingine, kisha isimpe kitu chochote huku Hamisi akichukua yote iliyobaki, maana yake ni kwamba Hamisi alikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na Rashidi wa baba tu, kwa sababu ndugu wa pande zote mbili humzuia ndugu wa upande wa baba. Kadhi aliyeandika kwa Kiarabu alikuwa na maneno matatu tofauti kwa ndugu hawa: shakiki kwa aliyechangia baba na mama, na mengine mawili kwa wa baba tu na wa mama tu. Karani aliyetoa muhtasari kwa Kiswahili aliyaviringisha yote katika neno ndugu, na ofisa Mwingereza aliyetafsiri muhtasari huo akaongeza giza juu ya giza. Kwa hiyo, panapokuwa na hati ya Kiarabu pamoja na tafsiri yake, ni uvivu kuishia kwenye tafsiri, hata kama inatubidi kumwendea mtu anayesoma Kiarabu cha mahakama.

Upande wa baba una mitego yake. Katika Kiswahili, ndugu wa kiume wa baba ni baba: baba mkubwa akiwa amemtangulia, baba mdogo akiwa amemfuata, na katika Mombasa, Lamu na Unguja huitwa pia ami. Watoto wake ni kaka na dada wa mzungumzaji. Mzee anaposema kwamba baba yake alikuwa nahodha wa jahazi, huenda anamzungumzia mtu ambaye mtafiti wa leo angempa sanduku jingine kabisa kwenye mti wake. Ukubwa na udogo huo, tena, hupimwa kwa baba na si kwa mzungumzaji, wala hauelezi umri. Nasaba ya watawala wa Unguja inaonyesha jambo hili vizuri. Seyyid Hamad bin Thuwaini, aliyetawala kuanzia 1893 hadi 1896, alimfuata Seyyid Ali bin Said, aliyekuwa baba yake mdogo, na wawili hao walipishana umri kwa miaka michache tu. Mtu anayekisia vizazi kwa kutazama tarehe za kuzaliwa angewafanya kaka na mdogo wake.

Mama mkubwa na mama mdogo ni hatari zaidi, maana kila neno kati ya hayo lina watu wawili ndani yake. Mama mdogo ni mdogo wa mama, na pia ni mke mdogo wa baba. Halati, neno la pwani lenye asili ya Kiarabu, ni salama kidogo, kwa kuwa humtaja ndugu wa kike wa mama peke yake. Bibi ndiye mwenye sura nyingi kuliko wote. Leo watu wengi wa Tanzania humwita hivyo mama wa baba au wa mama, ambaye Wakenya wengi humwita nyanya. Lakini katika barua za karne ya 19 bibi wa mtu ni mkewe, na bibi wa mtumwa ni mwanamke anayemmiliki. Sentensi kama "alikwenda kwa bibi yake" inaweza basi kumpeleka mtu kwa nyanya, kwa mke au kwa tajiri wake. Utata huo huondolewa kwa kutazama mambo yanayozunguka sentensi, yaani nani anatuma nani, nani anatoa chakula, nani anaomba ruhusa.

Kwa upande wa binamu, lugha yenyewe imebadilika. Neno hili limetoka katika Kiarabu likiwa na maana ya mtoto wa ami, na katika hati ya mirathi maana hiyo ina uzito, kwa sababu mtoto wa kiume wa ami ni miongoni mwa wanaochukua mabaki ya mali pale wasipokuwapo wa karibu zaidi. Mtoto wa shangazi au wa mjomba hakuwa na nafasi hiyo, naye aliitwa mkoi. Siku hizi binamu amemmeza mkoi, na vijana wengi hawajapata kulisikia neno hilo la pili. Anayesoma hati ya kale akiwa na maana ya leo kichwani atamweka mrithi wa kuumeni upande wa kukeni, au kinyume chake, na ukoo mzima utahamia jina lisilo lake.

Mjomba, ndugu wa kiume wa mama, hataki kusomwa kwa jicho la mirathi ya Kiislamu peke yake. Nyuma ya pwani na kandokando yake kuna watu ambao nasaba yao ilipita kwa mama: Wazaramo, Waluguru, Wamakonde, Wayao, na Wadigo wa zamani, ambao mali na madaraka yao yalitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Kwa Wayao, kundi la dada na watoto wao chini ya ulinzi wa kaka mmoja lilikuwa ndio nguzo ya jamii. Mtu kutoka jamii ya namna hii alipofika Bagamoyo, Kilwa au Mombasa na kusimulia habari zake kwa Kiswahili, aliweza kumwita mtoto wa dada yake mtoto wake, bila ya nia ya kudanganya, maana kwao huyo ndiye aliyekuwa mrithi. Anaposema alirithi "kwa wakubwa wake", hakulazimika kumaanisha baba hata kidogo.

Kuna jambo jingine la mjomba ambalo hupotosha watafiti wa Kenya hasa. Wamijikenda, yaani Wagiriama, Wadigo na jamaa zao wa pwani ya Kenya, kwa lugha zao, wamewaita Waswahili kwa neno lile lile la wajomba. Simulizi ya Kigiriama au ya Kidigo ikisema kwamba mtoto alichukuliwa na wajomba akakulia Mombasa, inaweza kumaanisha ndugu za mama yake, na inaweza pia kumaanisha kwamba aliingia katika nyumba ya Waislamu wa mjini na kuwa Mswahili. Mimi ningeanza kwa kudhani maana ya pili kila ninapokuta wajomba wasiotajwa majina, kwa sababu mjomba wa damu ni mtu ambaye familia haikosi kukumbuka jina lake.

Wapo waliojua vizuri mno jinsi maneno haya yanavyoweza kutumiwa. Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, anasimulia mwenyewe katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili na ambazo zilichapishwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, jinsi alivyoingia katika nchi ya mtemi Kasongo Rushie, iliyomo leo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alikuwa amesikia kwamba dada za mtemi huyo walitekwa zamani. Akadai kuwa yeye, kwa upande wa mama, anatokana na mmoja wao. Mtemi alimpokea kama damu yake na kumwachia utawala. Mtu atakayesoma simulizi za nchi ile peke yake, bila ya kuijua nasaba ya el Murjebi, angeweza kuandika undugu huo kama jambo la kweli, na kwa maana fulani angekuwa na haki, kwani ulikubaliwa na ukafanya kazi. Ndiyo maana undugu uliodaiwa na undugu uliozaliwa unapaswa kuandikwa kila mmoja mahali pake.

Hakuna sehemu ya nasaba za pwani inayohitaji uangalifu na adabu kuliko ile inayogusa utumwa. Nchini Zanzibar hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo hati nyingi zinazotafutwa na wajukuu na vitukuu wa leo ziliandikwa wakati ambapo uhusiano wa bwana na mtumwa ulikuwa bado ni uhusiano wa kisheria, na uliandikwa kwa maneno ya ujamaa. Mtoto, kijana wangu, mtu wa nyumbani: kila moja linaweza kumtaja mtumwa. Mzalia ni aliyezaliwa nchini kwa wazazi watumwa, tofauti na aliyeletwa kutoka bara. Hadimu linaweza kuwa jina la mtumwa aliyeachwa huru, na pia linaweza kumtaja Mhadimu, mwenyeji wa kusini na mashariki ya Unguja ambaye hana uhusiano wowote na utumwa. Kuyachanganya hayo mawili kumewakasirisha watu wengi, na wana haki ya kukasirika.

Aliyeachwa huru alibaki amefungwa na aliyemwacha kwa kifungo kinachofanana na cha nasaba. Kwa sheria ya Kishafi, akifa bila ya jamaa wa kuumeni wa kuchukua mabaki ya mali yake, mabaki hayo humwendea aliyemwacha huru au jamaa zake wa kiume. Hivyo mtafiti akimkuta mtu wa ukoo wenye jina kubwa akimrithi mtu asiyekuwa na jina la ukoo, na hakuna neno lolote la damu kati yao, asikimbilie kuunda binamu wa kubuni. Afikirie kwanza uhusiano huo wa uhuru. Na majina nayo hufuata njia hiyo: wapo walioachwa huru waliolichukua jina la ukoo wa mabwana wao, wakalipitisha kwa watoto, na baada ya vizazi 2 au 3 hakuna karatasi inayowatenganisha na waliozaliwa ndani yake. Kwa familia zilizohamia Oman, ambako jina la kabila lilikuwa na uzito katika kutambuliwa kwa mtu, jambo hili halijapoa hata leo.

Jina la baba lenyewe si ushahidi kamili. Aliyesilimu, akiwa baba yake hakuwa Mwislamu au hajulikani, mara nyingi aliandikwa bin Abdallah, maana kila mtu ni mja wa Mungu. Ukiona katika daftari moja akina bin Abdallah wamejaa, na majina yao ya kwanza ni Mabruki, Feruzi, Almasi, Farjala au Baraka, usianze kumtafuta Abdallah mmoja mwenye watoto wengi. Majina hayo ya kwanza yalipewa watumwa mara kwa mara, na Abdallah huyo hakupata kuishi.

Suria naye huwachanganya waliozoea mpaka wa ndoa na nje ya ndoa. Mtoto wa suria ambaye bwana amemkubali ni mtoto huru, anarithi sawa na mtoto wa mke, na mama yake hauzwi tena, naye huwa huru bwana anapofariki. Seyyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, hakupata mtoto kwa mkewe Azze binti Sef. Majid, mwana wa mama wa Kicherkesi, na Barghash, mwana wa mama wa Kihabeshi, wote wawili walikuwa wana wa masuria, na wote wawili walitawala Unguja. Dada yao wa baba mmoja, Seyyida Salme, aliyezaliwa pia na mama wa Kicherkesi, alipoandika kumbukumbu zake kwa Kijerumani aliwaita hao wote kaka zake, na kwao haikuwa lugha ya upole tu bali ndiyo iliyokuwa haki yao. Kuandika "nje ya ndoa" kwenye mti wa ukoo wa namna hii ni kuleta sheria ya nchi nyingine.

Familia hiyo hiyo inafaa kuonyesha tatizo la mtu mmoja kuwa na ujamaa zaidi ya mmoja. Seyyid Khalifa bin Harub, aliyetawala kuanzia 1911 hadi 1960, alimwoa Bibi Matuka binti Hamud, dada wa Seyyid Ali bin Hamud aliyemtangulia. Kwa ndoa, Ali alikuwa shemeji yake, au mwamu kwa neno la zamani. Kwa nasaba, Khalifa ni bin Harub bin Thuwaini bin Said, na Ali ni bin Hamud bin Muhammad bin Said, kwa hiyo wote ni vitukuu vya Said, babu zao wakiwa ndugu. Barua itakayomwita Ali ndugu na nyingine itakayomwita shemeji hazipingani. Kila mwandishi amechagua uzi uliohusika na jambo alilokuwa akiliandika. Pale ambapo watoto wa ami walioana kizazi baada ya kizazi, kama ilivyokuwa katika koo nyingi za pwani, si ajabu mtu akawa mjomba wa mtu na pia baba yake mdogo kwa njia nyingine.

Maneno mengine humtambulisha mwandishi kuliko yanavyomtambulisha anayetajwa. Wifi ni neno la wanawake kwa wanawake, baina ya mke na dada wa mumewe. Barua isiyo na sahihi inayosema "nisalimie wifi yangu" karibu sana imetoka kwa mwanamke. Umbu, neno ambalo limebaki zaidi katika tungo na vinywa vya wazee, ni ndugu wa jinsia nyingine, kwa hiyo umbu la mwanamume ni dada yake na umbu la mwanamke ni kaka yake. Katika sauti zilizorekodiwa kuna mzaha ambao mgeni wa desturi huuandika kama habari: bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na babu humwita mjukuu wa kike mke wangu. Mama naye humwita mwanawe baba, hasa mtoto akiwa amepewa jina la babu yake. Desturi hiyo ya kumpa mtoto jina la babu huzaa mfululizo wa Salim bin Ali bin Salim bin Ali, ambao humfanya mtafiti aunganishe watu wawili kuwa mmoja, au amkate mmoja kuwa wawili.

Kwa kushuka chini Kiswahili kina utajiri: mjukuu, kitukuu, kilembwe, kisha kinying'inya. Ni vyema kutotegemea sana ngazi za mwisho. Wazee wa sehemu mbalimbali hawakubaliani kila mara juu yake, na wengi hutumia kitukuu au kilembwe kwa maana ya mtu wa mbali huko chini. Mtafiti amwombe msimulizi awataje watu kwa majina, mmoja baada ya mwingine, badala ya kuhesabu kwa neno.

Madaftari ya misheni yana mambo yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na madaftari ya ubatizo ya Kikatoliki yaliandikwa kwa Kilatini, ambacho kina neno nepos lenye maana ya mjukuu kwa Kilatini cha kale na ya mtoto wa ndugu kwa Kilatini cha baadaye. Padre aliyeambiwa "huyu ni mpwa wangu" na padre aliyeambiwa "huyu ni mjukuu wangu" waliweza kuandika neno lile lile. Kwa watoto waliokombolewa utumwani, safu ya wazazi mara nyingi haina jina la mzazi, na msimamizi wa ubatizo ndiye mtu mzima pekee anayetajwa. Wajukuu wa baadaye wamemgeuza kuwa babu. Huko Freretown, kijiji cha Wamisionari wa Kianglikana karibu na Mombasa kilichoanzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya waliookolewa kutoka majahazini, watu waliopewa jina moja la Kizungu hawakuwa lazima wa ukoo mmoja.

Ndugu wa siasa atajwe kwa ufupi tu. Katika barua na kumbukumbu za vikao vya Tanzania, hasa za miaka ya 1960 na 1970, Ndugu lenye herufi kubwa kabla ya jina ni cheo cha usawa wa raia. Halina damu ndani yake, hata pale watu wote wawili wanapotoka kijiji kimoja.

Kipimo cha vinasaba, ambacho wengi walioko Ulaya, Marekani na Ghuba hukitegemea siku hizi, hakimalizi ubishi kama wanavyotarajia. Babu, mjomba, baba mdogo na ndugu wa mzazi mmoja wote huchangia na mtu takriban robo ya vinasaba vyake, na majibu ya maabara yatakupa orodha ya uwezekano ambayo inashangaza kwa jinsi inavyofanana na neno ndugu. Kinachoweza kufanywa na kipimo hicho ni kukanusha: kikionyesha kwamba familia mbili zinazoitana ndugu hazichangii chochote cha maana, tunarudi kwenye kunyonya, kulelewa au kuachwa huru, na kuanza kuuliza upya.

Kwa upande wa kuandika, kanuni inayofaa ni kulinakili neno kama lilivyo, katika lugha na tahajia ya hati, pamoja na jina la aliyelitamka, aliyeambiwa, mwaka na sababu ya hati kuandikwa. Tafsiri ya mtafiti ikae pembeni, ikiwa na alama inayoonyesha kwamba ni dhana. Hati iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu hudai tahadhari zaidi, kwa kuwa waandishi wengi waliacha sauti ya n au m iliyotangulia konsonanti, ndugu akawa dugu na mjomba akawa mjoba, na irabu o na u hazikutenganishwa. Kamusi za wakati ule, kama ya Krapf ya mwaka 1882 na ya Sacleux ya mwaka 1939, zitasaidia kuliko kamusi ya leo, maana zinaonyesha neno lilivyotumika Mombasa, Unguja au Lamu kabla ya Kiswahili Sanifu kulilainisha. Programu nyingi za miti ya ukoo zimejengwa juu ya baba, mama, mwenzi na mtoto. Ndugu wa kunyonya, suria, aliyeachwa huru na mtoto wa kufikia huingizwa katika sehemu ya maelezo, kila mmoja kwa neno lake mwenyewe, na mstari wa damu uachwe wazi mpaka ipatikane hati inayoruhusu kuuchora.